Ruta Kati ya Nyumba

Intaneti ikidhoofika katika chumba cha nyuma, wengi wetu hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Yatupasa kwanza tutazame kuta zetu. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufika unene wa nusu mita hata zaidi, nazo huyadhoofisha sana mawimbi ya waifai. Fedha haitoboi ukuta.

Basi ruta isiachwe pembeni mwa sebule, nyuma ya televisheni au friji, kwani chuma huyazuia mawimbi. Iwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta kuliko yale ya 5, ingawa haya ya 5 huwa na kasi zaidi kwa aliye karibu. Ukuta ukishinda, na uvutwe waya hadi nyuma, kifungwe huko kisambazio cha pili.

Binti asomaye chumba cha nyuma ana haki sawa na wageni wa sebuleni. Tusimwite mvivu kabla hatujaisogeza ruta.