Thamani Isiyosomwa Si Takataka

Imeenea miongoni mwa waandishi wa programu za PHP itikadi ya kwamba kigeu kilichopewa thamani, kisha thamani hiyo isisomwe tena, ni takataka isiyomdhuru mtu, na kwamba chombo cha uchunguzi kinachokitaja kabla programu haijaendeshwa huwasumbua watu bure. Itikadi hiyo naipinga kwa dhati, kwani aghalabu mstari wa namna hiyo ndio ushahidi wa pekee wa kusudio lililopotea.

Mtu ana orodha ya bei, naye aipitia kwa foreach ili kuzipunguza zote, ila amesahau kutia alama ya & mbele ya kigeu. PHP humpa nakala ya kila bei. Punguzo huandikwa katika nakala, duru ifuatayo huifuta, na orodha hubaki vile vile ilivyokuwa, pasi na kosa wala onyo. Wala usitaraji lugha yenyewe ikuzindue, maana PHP haidai kigeu kitangazwe kwanza: ukikosea herufi moja ya jina unapokipa thamani, huumba kigeu kipya papo hapo. Kinachoweza kukuzindua ni chombo cha uchunguzi kama Psalm, au Phan iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwenyewe, muasisi wa PHP. Vyombo hivi hufuata njia zitokazo pale thamani ilipowekwa, vikitafuta kama iko hata moja inayoisoma.

Husemwa kwamba vyombo hivi hubabaishwa na extract na vigeu vya $$, ambapo jina la kigeu hujulikana programu inapoendeshwa tu. Ni kweli, lakini msimbo unaokificha chombo majina yake humficha pia binadamu atakayeurithi. Udhuru ninaoukubali ni wa kitu kinachoshikwa kwa ajili ya uhai wake tu, mathalani kufuli inayojifungua kitu kinapoharibiwa. Nacho kipewe jina linaloanza na $_, Psalm ikinyamazie.

Madhara makubwa ya itikadi hii huonekana pale mwenye nayo anapolazimishwa kuondoa onyo. Akikuta jibu la kuhifadhi malipo limewekwa katika kigeu ambacho hakuna anayekikagua, hajiulizi nani alipaswa kulisoma. Hufuta kigeu na kuuacha mwito, onyo likatoweka, na malipo yaliyoshindikana yakaendelea kuhesabiwa kuwa yamepokewa.