TAHARIRI: Taa iliyolegea si taa

Msimu wa mavuno, baiskeli nyingi za Igamba, wilayani Mbozi, hubeba magunia ya mahindi na kahawa, na waendeshaji wengi huingia barabarani alfajiri au jioni. Baadhi hazina taa kabisa. Nyingine zinazo, lakini zimelegea: dainamo haligusi tairi, tochi imefungwa kwa kamba ya katani, nayo ikikutana na matuta mawili inaangalia chini.

Tatizo jingine ni gunia lenyewe. Likikaa kwenye keria, hufunika kiakisi chekundu cha nyuma, na dereva wa lori haoni kitu.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Ukanda wa tyubu chakavu, ukizungushwa kwa kuvutwa, hushika taa kwenye usukani vizuri zaidi kuliko kamba. Nati za taa ziwekewe washa ya springi zisifunguke kwa mtikisiko. Kiakisi kishushwe kwenye madigadi, chini ya mzigo.

Mafundi wakague nati hizo kila wanapoziba pancha. Trafiki nao waanze kwa kuelimisha kabla ya kutoza faini. Kinga ni bora kuliko tiba.