Tahajia na Utafutaji wa Vitabu Mtandaoni

Imezoeleka kudhaniwa kwamba kutafuta kitabu katika hifadhidata ya maktaba ni kazi ya vidole na tarakilishi tu. Dhana hiyo haina mashiko. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, anayeandika "Mijikenda" akitafuta maandishi ya karne ya 19 huenda akatoka mikono mitupu, kwani jina hilo lilienea katika miaka ya 1940. Wamishonari waliotangulia waliandika "Wanika". Vivyo hivyo, kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882 ina neno "Suahili" katika anwani yake, na magofu yaliyo karibu na Malindi huandikwa "Gede" au "Gedi".

Hifadhidata nyingi hulinganisha herufi tu. Hazitambui kwamba majina hayo yanarejelea kitu kimoja. Anayetambua ni mwanafunzi aliyesoma historia ya lugha na usanifishaji wake. Kwa hivyo, ustadi huu usiachiwe wakutubi peke yao. Idara za Kiswahili hazina budi kuufunza katika somo la mbinu za utafiti: mwanafunzi aorodheshe kwanza tahajia zote za jina, azijaribu moja baada ya nyingine, kisha afuate mada zilizotajwa katika rekodi ya kila kitabu anachokipata.

Asiyefunzwa hivyo ataandika katika tasnifu yake kwamba hakuna utafiti uliotangulia, na watakaomfuata watamnukuu. Kosa la tahajia moja litakuwa limegeuzwa pengo la kitaaluma.