Bibi harusi akisema "naona kizunguzungu", tusikimbilie vigelegele



Mdogo wangu aliolewa, akamfuata mumewe Bariadi, huko Simiyu kwenye mashamba ya pamba. Mwezi wa tatu akanipigia simu: "Dada, nikisimama naona kiza, miguu hainichukui." Nyumba nzima tukapiga vigelegele, mimba hiyo! Jirani yake akasema malaria. Shangazi akasema husda, asomewe. Duka la dawa akapewa vidonge. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza swali.

Aliyemuuliza ni muuguzi. Unaona nyumba inazunguka, au unahisi kama utazimia? Huanza ukisimama, au ukijigeuza kitandani? Hukaa muda gani? Hedhi yako ikoje? Akampima presha akiwa amelala, kisha amesimama. Akapima damu, sukari, malaria na mimba. Mimba haikuwepo. Damu ilikuwa chini mno: hedhi nzito ya miezi mingi, na mwenyewe akiona haya kusema.

Maoni yangu ni kwamba kizunguzungu si jibu, ni mwanzo wa maswali. Nyumba ikizunguka kwa sekunde chache kila ukijigeuza kitandani, mara nyingi shida iko sikio la ndani, na mtaalamu huituliza kwa kukugeuza kichwa kwa utaratibu maalumu. Kuona kiza unaposimama hutupeleka zaidi kwenye damu, upungufu wa maji, presha au dawa unazotumia. Na upungufu wa damu si wa wachache: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 uliukuta kwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49.

Hata mimba ikiwepo, tusiishie kufurahi. Kizunguzungu chenye maumivu ya tumbo la chini au kutokwa damu, chenye kichwa kikali na macho kufifia, au ulimi mzito na mkono kulegea, ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Dua na kisomo tusiache, lakini visichukue nafasi ya kipimo. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao, na hedhi waliiuliza. Basi nawe, ukiingia kwa daktari, sema yote. Na sisi mashangazi na makungwi, tunapomfunda mwari, na hili tumwambie.

Mdogo wangu anaendelea na vidonge vya kuongeza damu. Alhamdulillah, sasa anasimama bila kushika ukuta.