Tumbo la Kuendesha Si Jambo la Kuchekwa

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Ugonjwa wa kuharisha na kutapika ni mwiba wa aina hiyo. Mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda msalani mara ya tatu katika kipindi kimoja, darasa zima huangua kicheko. Siku nyingine hatasema. Atajikaza hadi jioni, na jioni huenda akawa hawezi kusimama. Kwa maoni yangu, wanafunzi wa huku Mashuuru tumeufanyia mzaha ugonjwa huu vya kutosha.

Kwanza, ndugu msomaji, tumjue adui mwenyewe. Madaktari humwita gastroenteraitisi, yaani mchochota wa tumbo na utumbo. Huletwa na virusi au bakteria kupitia maji machafu, chakula kilichochafuka na mikono isiyonawiwa. Mara nyingi mwili humshinda wenyewe kwa siku chache. Hatari kubwa ni kukaukiwa, kwani maji na chumvi hutoka mwilini upesi kuliko vinavyorudishwa.

Ndiyo maana hushangaa nikisikia mtu akisema, "Ati usimpe maji, yatazidi kumwendesha!" Wengine hukimbilia dukani kununua vidonge vya kufunga tumbo, au dawa za bakteria bila kupimwa. Jamani, dawa ya bakteria haiui virusi, na kufunga tumbo hakurudishi maji yaliyokwisha kupotea.

Mwaka wa 1971, kipindupindu kiliwashambulia wakimbizi wa Bangladesh waliokuwa kambini Bangaon, India. Maji ya kutia mishipani yalipokwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4. Siri ni kwamba sukari huisaidia chumvi kupenya kwenye utumbo, nayo maji hufuata. Pakiti ya ORS tunayopewa zahanati ilitokana na maarifa hayo hayo.

Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Usizidishe chumvi, ina madhara. Mgonjwa anywe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha uendelee polepole. Aendelee kula, na mtoto mchanga aendelee kunyonya. Watoto wadogo hupewa pia zinki kwa siku 10 hadi 14. Na tusisahau kwamba tangu 2014 serikali yetu huchanja watoto wachanga dhidi ya virusi vya rota.

Lakini tusijifanye madaktari. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, mkojo umepungua sana, mgonjwa amelegea au anatapika kila anachokunywa, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja.

Najua kuna atakayeniuliza, "Maji safi yenyewe yako wapi katika nchi kavu kama hii?" Swali ni la haki. Mtungi wa lita 20 huku unaweza kuja kwa mgongo wa punda kutoka mbali, na kuni za kuchemshia nazo ni haba. Lakini jua tunalo! Utafiti uliofanywa papa hapa Kajiado kati ya watoto wa Kimaasai, ukachapishwa mwaka wa 1996, ulionyesha kuwa waliokunywa maji yaliyoanikwa juani katika chupa za plastiki waliharisha kwa uchache kuliko wenzao. Kipindupindu kilipozuka baadaye, kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya jua waliugua 3 tu. Kati ya 144 wengine waliugua 20. Chupa iwe angavu, isizidi lita 2, maji yachujwe kama yana tope, kisha yakae juani saa 6. Kukiwa na mawingu, yakae siku 2.

Tukumbuke pia yaliyotokea shule ya wasichana ya Mukumu, Kakamega, mwaka wa 2023. Mamia ya wanafunzi waliugua tumbo, shule ikafungwa mwezi wa Aprili, na wanafunzi pamoja na mwalimu wao wakapoteza maisha. Shule ni mahali ambapo sufuria moja hulisha wote. Ikichafuka, hakuna wa kusalimika.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Walimu wetu wapendwa, pakiti za ORS ziwe katika ofisi ya mwalimu wa zamu, na mwanafunzi anayeomba kutoka asiulizwe maswali mbele ya darasa. Wakuu wa shule, pawe na maji na sabuni mlangoni mwa msala na wa jikoni. Hata mtungi uliotobolewa unatosha. Nasi wanafunzi, tunawe mikono, na tuache kucheka. Mwenzako akikwambia tumbo linamwendesha, mpe kikombe cha maji ya chumvi na sukari, kisha umfuate hadi kwa mwalimu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.