Kizuizi Hakimfundishi Mtu Kuandika

Nimewasikia mara nyingi mabarazani hapa Malindi watu wakidai kwamba mwandishi hakomai mpaka ateswe. Mfano wao ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa kwa ajili ya waraka wake wa "Kenya: Twendapi?" wa 1968, akatoka na mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapwa 1973. Mfano huo ni wa kweli. Lakini sisi wa Kilifi tunaye wetu, na nashangaa kuwa hatajwi: marehemu Katama Mkangi.

Mkangi alikuwa msomi wa elimujamii, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Riwaya yake ya kwanza, Ukiwa (1975), ni kisa cha mapenzi, na kwa maoni yangu ni kitabu cha kawaida tu. Mafuta (1984) ilikuja na makali. Humo aliwakejeli wakubwa pamoja na wale ambao kazi yao ni kuwasifu. Miaka miwili baadaye, katika msako wa 1986 uliowaandama wasomi waliodaiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, alikamatwa akatiwa kizuizini bila kuhukumiwa.

Walenisi ilitoka 1995. Dzombo, shujaa wake, amehukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kutiwa katika chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa anakishika chombo, anakiendesha, mpaka anatua katika nchi ya watu walio sawa. Likate vipande jina la nchi hiyo, msomaji, utasikia "wale ni sisi".

Hapo ndipo ninapouona ukuaji wake. Katika Mafuta alitucheka, na kucheka kulitosha wakati ule. Katika Walenisi anajitwika mzigo mzito zaidi: kutuonyesha tungeishi vipi tukitaka. Wako wanaolalamika kwamba kitabu kina mahubiri mengi. Mengine yapo kweli, sikatai. Lakini mtu aliyefungiwa ili anyamaze, kisha akamwandika mhukumiwa anayejifunza kuongoza chombo cha kumwulia, huyo hakuwa akihubiri tu.

Hata hivyo, sikubali sifa hiyo wapewe waliomfunga. Kati ya Mafuta na Walenisi ilipita miaka 11. Wangapi walitoka vizuizini wasishike kalamu tena? Mkangi aliishika kwa sababu alikwisha kuwa na jambo la kusema kabla hajakamatwa. Mafuta ni ushahidi. Mwaka 2004 akafa katika ajali ya barabarani, na ile miaka hakurudishiwa na mtu.

Walimu wetu wa Kiswahili, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, wakitaka kuwasomesha vijana Walenisi, ningewaomba waanze na Mafuta. Kisha wawaulize vijana ni kipi kilichobadilika.