Utafiti upi huo, daktari auone?

Mzazi akikataa mtoto wake achanjwe dhidi ya ukambi kwa kuwa "utafiti ulionyesha" chanjo huleta usonji, mimi humuuliza: utafiti upi? Mara nyingi ni ule wa Andrew Wakefield, uliochapishwa mwaka wa 1998 katika The Lancet, jarida la kuheshimika. Watoto waliochunguzwa walikuwa 12 tu! Mwaka wa 2010 jarida hilo liliufuta, naye Wakefield akapokonywa leseni ya udaktari Uingereza. Ukambi nao ungali unaua watoto.

Basi, msomaji, usitosheke na jina la jarida. Ingia PubMed, hazina ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Hulipi hata senti. Andika kichwa cha makala. Ikiwa ilifutwa, utakuta onyo hapo hapo. Kisha tazama ni wangapi waliochunguzwa, nani aliyegharamia kazi hiyo, na iwapo waliorudia uchunguzi walipata jibu lilo hilo. Mwaka wa 2019 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 650,000. Hawakuona uhusiano wowote baina ya chanjo hiyo na usonji.

Ukikwama, muulize mkutubi wa chuo kikuu kilicho karibu nawe. Ni kazi yake, ingawa wengi huulizwa tu choo kiko wapi.